Yah: Vita Vyenu Kufika Jikoni Kwetu

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mazungumzo ya Amani,
na wajumbe wa pande zote mbili.
Nakala: mtangazaji wa taarifa ya habari ya jioni.

Mheshimiwa,

Pokea salamu za mgonjwa. Ninaandika nikiwa nimelala chali, kwa hiyo uuvumilie mwandiko. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Daktari amenishauri nisianze kusoma kitabu kinene, nami nimemwelewa.

Miaka yote nilifundisha kwamba ule mlango wa bahari mnaougombania ni mwembamba, kwamba meli za mafuta na gesi hupita pale kwa foleni, na kwamba ukifungwa dunia nzima itakohoa. Wanafunzi walisinzia. Mimi mwenyewe sikujua kwamba mlango huo unatokea jikoni kwetu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Gesi. Tangu mfunge njia, majiko ya nyumba hii yamezimika. Mwanangu, fundi friji, anakaa ghorofani. Binti yangu, fundi cherehani, anakaa chini. Kila mmoja ana jiko lake, na hawakuwa wakisemezana tangu tulipomzika mama yao, kwa ugomvi wa nani alichelewa kumpeleka hospitali. Ilikuwa amani nzuri sana. Nyumba kimya kama maktaba. Sasa wanapikia jiko moja la mkaa, uani, chini ya dirisha langu.

2. Biashara. Chumvi ni ya ghorofani, sufuria kubwa ni ya chini. Mwanzoni walinitumia mimi kama bandari. "Baba, mwambie huyo mtu alete chumvi." "Baba, mwambie na yeye afunike sufuria, hapa si kiwandani." Nilipitisha mizigo yote bila ushuru mpaka sauti ikakauka, nikapitiwa na usingizi. Bandari ikiwa imefungwa, binti yangu akalazimika kusema moja kwa moja: "We kaka, mkaa unapulizwa, haubembelezwi." Akajibiwa, "Puliza wewe mwenye mdomo." Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza tangu mazishi. Mnaona uharibifu mliosababisha.

3. Ushirikiano wa kiusalama. Binti yangu ameingia mkataba na jirani muuza mkaa: ukimgusa mmoja, umewagusa wote. Mwanangu akajibu kwa kuungana na shemeji yake, yaani mume wa huyo huyo dada yake, ambaye kwa haki ni wa upande wa pili. Wajukuu zangu pacha wametangaza kwamba hawafungamani na upande wowote, ndiyo maana wanakula sahani za pande zote.

4. Kitanda. Kitanda changu cha springi kimeota vilima viwili, kimoja mgongoni, kingine nyuma ya magoti. Nesi anayekuja kunidunga sindano anasema hajawahi kuona ugonjwa huo kwenye godoro. Kwa kuwa siku hizi kila kitu kinasababishwa na vita, na hivyo vilima naviandika kwenu.

5. Hili ndilo zito. Juzi chakula kiliungua. Binti yangu akasema mama angewafukuza wote wawili kwa mwiko. Mwanangu akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema, "Dada, asubuhi ile gari lilikataa kuwaka. Niliona aibu kusema, fundi mzima." Dada yake akaipua sufuria, halafu akasema, "Na mimi nilimwona hali yake tangu jana yake, nikanyamaza. Leta sahani. Cha juu hakijaungua." Mgonjwa atapumzikaje katika mazingira kama hayo? Nililowesha mto mzima, na sabuni ya kufulia nayo imepanda bei kwa ajili yenu.

Kwa hiyo naomba msitishe mapigano mara moja, mfungue njia, gesi ije, kila mtu arudi kwenye jiko lake na kimya chake, nami nife kwa utulivu niliouzoea.

Nisalimie majenerali wa pande zote na wake zao, mabaharia waliokwama melini, na mpishi wa hapo mkutanoni, ambaye naamini ana jiko moja tu.

Wako, maadamu bado nipo,
Mwalimu mstaafu, chumba cha uani.

Tanbihi: Anayekufa hapaswi kuudanganya mkutano wa kimataifa. Gesi ilikuja. Meli moja iliponyoka kabla hamjafunga njia, na muuza gesi akaleta mitungi miwili, wa juu na wa chini, wenyewe wakiwa kazini. Nilimwomba aisukumie chini ya kitanda changu, kisha nikawaambia wanangu kwamba meli imegeuzwa njiani. Kwa jiografia huwa hawanibishii. Vilima viwili ndivyo hivyo. Mkataba utieni saini hata kabla hamjamaliza kusoma hapa, maana na huko watu wana mama zao. Ila msiutangaze redioni kwanza. Redio yetu ya uani inasikika juu na chini, na leo wamenisogeza karibu na dirisha, wanabishana ni nani atakayenilisha.