Vikaratasi Mia Moja na Arobaini vya Chumba cha Pasifiki

Jumatatu, 6 Machi

Mvua. Suva yote, kama si Fiji yote, imelowa, mimi peke yangu nimewaka moto. Bi Urmila, mkuu wetu wa maktaba, amerudi kutoka semina na jambo jipya. Chumba cha Pasifiki, chumba changu, nilichokijaza magazeti ya zamani kwa miaka kumi na tisa, huenda wakapewa watoto. Losalini wa kona ya watoto amelalamika kwamba watoto wake wamebanana. Losalini ni binti wa mjomba wangu, kwa hiyo kunitania ni haki yake. Kunipora chumba sikumbuki kama kumo.

Bi Urmila anasema uamuzi utatokana na ushahidi. Vikaratasi vyote vya sanduku la maoni, mia moja na arobaini, vya mwaka mzima, vitasomwa kimoja kimoja, vipangwe katika makundi, vihesabiwe. Ndiyo uchambuzi wa maudhui. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Cheti cha kazi hiyo ninacho! Losalini akasema apewe tu Api, yaani mimi, angalau kwa mara moja atasoma kitu kilichoandikwa na mtu aliye hai. Wakacheka wote.

Wacheke. Gazeti la wiki ile kimbunga kilipokisomba kijiji cha babu liko rafu ya tatu, na hakuna nakala nyingine ninayoijua. Sitoki.

Jumanne, 7 Machi

Nimeandika mwongozo wa makundi. Kundi la kwanza: sifa kwa Chumba cha Pasifiki. La pili: madai kwamba Chumba kipanuliwe. La tatu: mapenzi ya kimyakimya kwa Chumba. La nne: mengineyo. Natumaini la nne litabaki tupu.

Nimejaribu na kikaratasi kimoja. "Choo cha chini kinanuka." Mtu wa haraka haraka angekitupa kundi la nne. Mimi nimetafakari. Chumba changu kiko ghorofani, mbali kabisa na choo hicho. Mwandishi anatamani mahali pasiponuka. Kundi la tatu.

Anatakiwa msomaji wa pili, apange vikaratasi hivyo hivyo peke yake bila kushauriana nami, kisha tuone tumepatana mara ngapi. Chini ya themanini kwa mia, kazi yote bure. Nimemtaja Mereseini wa dawati la kuazima. Baba zetu ni ndugu, kwa hiyo ni dada yangu, na kwetu kaka na dada wakishakua hawasemezani. Tuko jengo moja mwaka wa kumi na moja na sijampa hata salamu. Tukikutana ngazini, mmoja wetu huanza kusoma maelezo ya kizima moto. Bi Urmila amefurahi. Amesema hajapata kuona wasomaji wawili wasioshauriana kiasi hicho.

Jambo la pili sikumwambia. Dada hawezi kumpinga kaka mbele za watu.

Alhamisi, 9 Machi

Majaribio. Vikaratasi ishirini. Tumepatana viwili!

Bi Urmila anasema sheria inaruhusu wasomaji kujadili maana ya makundi, majibu tu ndiyo hairuhusu. Tujadili vipi? Nimemtuma Filimone, dereva wa gari la vitabu, amwambie dada yangu kwamba moyo wa mwandishi haupo kwenye maneno, upo nyuma ya maneno. Filimone akashuka. Akapanda. Akasema Mereseini anasalimia na anasema choo ni choo. Nikamtuma tena, amwambie afikirie mambo ya mbali. Akashuka, akapanda, anahema. Mereseini anasema amefikiria ya mbali, na choo bado ni choo.

Safari ya tatu Filimone amekataa. Ameniuliza kama maktaba italipia magoti yake.

Ijumaa, 10 Machi

Nimemaliza vyote mia moja na arobaini. Sifa nyingi kuliko nilivyotegemea! Kikaratasi cha 88 nusura kinishinde: "Dalo, samaki wa kopo wawili, nazi, sabuni." Mtu kasahau orodha yake ya dukani humo sandukuni. Lakini dalo, yale magimbi yetu, samaki, nazi! Huyu kichwa chake kimejaa Pasifiki na hakitoshi tena. Kundi la pili.

Saa tisa wenzangu wamekaa stoo kuzunguka bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, kama kila Ijumaa. Filimone kapita na bahasha ya Mereseini, fomu yake imo ndani, aipeleke kwa Bi Urmila. Nikamhurumia magoti. Nikamwambia nenda kanywe, nitaipeleka mimi.

Nimeipeleka. Ila fomu ya ndani ni niliyoijaza mimi, kwa kalamu nyeusi, kwa mwandiko mwembamba wa kike. Yake halisi sikuisoma, kuogopa kuudhika. Kuitupa pia nimeshindwa. Miaka kumi na tisa sijatupa karatasi hata moja, nianze leo? Nimeitengenezea kadi na kuiweka kabatini mahali pake.

Jumatatu, 13 Machi

Kikao, humu humu Chumba cha Pasifiki. Bi Urmila amesoma fomu mbili, akavua miwani, akaivaa tena. Tumepatana mia kwa mia. Amesema kwenye semina waliambiwa hata mapacha hawafikii hapo.

Nikasema damu ni moja.

Akauliza hata cha 88? Nikaeleza habari ya dalo. Losalini akaomba ruhusa atoke akacheke nje, akanyimwa. Bi Urmila akamgeukia Mereseini na kumuuliza kama ndivyo alivyopanga. Mereseini akainama, akatazama mkeka. Nikasema kwa upole kwamba kwa desturi yetu dada hawezi kujibu swali kama hilo nikiwapo. Nililitayarisha tangu Jumanne neno hilo!

"Naijua desturi yenu, Bwana Apisai," akasema Bi Urmila. "Basi wewe toka nje."

Nikatoka. Hilo sikulitayarisha. Kwenye kioo cha mlango nikamwona Mereseini anazungumza. Kumbe anajua kuzungumza sana. Nikamwona Losalini akienda kwenye kabati langu la kadi. Hakuchukua dakika tatu. Kadi niliiandika vizuri, kwa mashine: "Fomu halisi ya msomaji wa pili. Imebadilishwa na A. Droo ya sita." Pamoja na yote, sijui ofisi nyingine hapa Suva ambako karatasi hupatikana kwa dakika tatu.

Jumanne, 14 Machi

Nimeomba radhi kwa desturi, kwa fungu la mizizi ya yaqona, Filimone akisema kwa niaba yangu. Alisema maneno mengi kuhusu upumbavu wangu ambayo sikumtuma. Bi Urmila amepokea. Kazi sijafukuzwa. Ila chumba wamepewa watoto, na magazeti yangu yanakwenda chini ya ngazi. Yote, hata la rafu ya tatu. Nimebeba mwenyewe, bunda kwa bunda. Losalini alibeba mawili na hakunitania, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Alhamisi, 16 Machi

Chini ya ngazi. Nimekohoa asubuhi nzima. Bi Urmila amenirudishia fomu ya Mereseini niitunze. Nimeisoma sasa kwa mara ya kwanza. Mia moja thelathini na saba kaweka kundi la nne. Vitatu tu vinataja chumba changu, na viwili kati ya hivyo vinauliza kwa nini hufungwa saa tano nzima kila siku.

Cha tatu ni cha 112. Mimi nilikiweka kundi la pili, kwamba Chumba kipanuliwe. Kinasema: "Mtu wa Chumba cha Pasifiki anakohoa sana. Mwambieni afungue dirisha." Pembeni ya 112, kwenye fomu yake, Mereseini ameandika: "Hiki nilikiandika mimi. Kisihesabiwe."

Nimekaa na hiyo fomu mpaka kengele ya chakula. Miaka kumi na moja ya kizima moto. Roho imeniuma, siwezi kukataa.

Mchana nimechukua kikaratasi, nikaandika: "Chini ya ngazi hakuna dirisha. Lakini asante." Nikakitumbukiza sandukuni bila jina.

Kitahesabiwa. Nimeshamwandikia Bi Urmila kwamba uamuzi ule ulifanywa kwa haraka na uchambuzi urudiwe mwakani, msomaji wa kwanza mimi. Kikaratasi changu kundi la pili, bila shaka yoyote. Na msomaji wa pili nimeshampata: mama mkwe wangu. Yeye naye hanisemeshi.