Jante za Dada Mukubwa

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa nane. Muheto.

Siku tano tu! Jumamosi Umwali, mutoto wangu wa pekee, anaolewa na Michel wa Ntoto. Leo Mbusa mwenye duka alipita kutusalimia. Akasema atatoa jeep yake mupya imupeleke bibi harusi kanisani, bure kabisa. Verdiane, muke wangu, akashukuru kabla sijameza chai. Nikawakumbusha kwamba gari iko hapa nyumbani. Tuliinunua mwaka mumoja kabla Umwali azaliwe, njo maana tunaiita Dada Mukubwa. Nani amusindikize mudogo wake kama si dada? Wote wakageuka kuitazama. Verdiane akaniuliza kwa upole kama nimeangalia jante zake, zile chuma za magurudumu, siku hizi.

Nimetoka kuziangalia. Kutu tupu. Moja ni kama imeng'atwa.

Umwali amesema atachagua gari Ijumaa. Alipokuwa na miaka saba aliniahidi kwamba ni mimi nitamupeleka. Sikumukumbusha. Niko mutu wa heshima. Nitazipaka jante rangi ya dhahabu, halafu tutaona.

Jumanne, tarehe 5.

Fundi wa rangi kule Masisi anataka bei ya mbuzi. Mbuzi mwenye mimba! Nimerudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani, maana nimepata akili. Mimi natengeneza fromaje, ile jibini ya maziwa ya ngombe, tangu ujana. Yale maji makali yanayobaki fromaje ikisha kushikana, tunawapa nguruwe. Mwaka juzi yalitoboa ndoo yangu ya chuma. Kama yanakula ndoo, yatashindwa kutu?

Nimesimamisha Dada Mukubwa juu ya mawe, nimetumbukiza magurudumu ndani ya pipa la maji hayo. Verdiane ameuliza pipa gani. Nimemuambia lile la zamani.

Si lile la zamani.

Jumatano, tarehe 6.

Imeitika! Nimesugua kwa majivu na kigunzi cha muhindi, kutu imetoka yote, chuma inangaa. Nimemuita Verdiane aje aone. Amesifu. Halafu ameuliza kwa nini pipa lake jipya linanuka mipira ya gari. Nimekohoa.

Ingebidi kusuuza kwa maji mengi, harufu ya fromaje itoke. Lakini kisima kiko chini ya mulima, na mulima nimeuzoea, najua tabia yake. Nimepangusa kwa kitambaa, inatosha.

Dukani kwa Mbusa hakuna rangi ya dhahabu. Amenipa kopo la njano lililobaki alipopaka mulango wake, akakataa malipo. Imeniuma. Nimemuambia ni ya kupaka kiti. Akasema sawa, Papa Evode, akanitakia kiti chema. Na alikuwa anatazama suruali yangu, imejaa kutu mpaka magoti.

Alhamisi, tarehe 7.

Nimepaka tangu asubuhi. Mipira niliifunika kwa majani ya ndizi, kazi safi. Nikarudi nyuma hatua kumi nijione fundi. Isidore, jirani yetu, alikuwa anapitisha ngombe. Akasimama. Akaniuliza kwa nini nimevalisha gari fromaje nne.

Mviringo. Njano. Ukubwa uleule. Mungu wangu, ni fromaje!

Saa sita Muheto nzima ilikuwa inajua. Mama mumoja amekuja na kisu, eti nimukatie kipande. Na bado. Mbwa wa Isidore alikuja kunusa, akaenda, akarudi na wenzake wawili. Wanaramba jante! Ndama naye akatoa rangi yote upande mumoja. Nimeshinda na fimbo mukononi nikilinda magurudumu.

Ijumaa, tarehe 8.

Sikungojea Umwali achague. Nimemuambia mwenyewe: enda na jeep ya Papa Mbusa, mutoto wangu, unastahili gari nzuri. Nilisema vizuri sana, kama baba. Sauti ilikatika kidogo, ni kile kikohozi.

Umwali akachuchumaa kando ya gurudumu. Akabandua ganda la rangi kwa ukucha, akanusa. Akacheka. Halafu akalia, na mimi sikujua niweke wapi mikono.

"Papa," akasema, "miaka sita ulinipeleka ku masomo na hii gari, fromaje kumi juu ya magoti yangu. Nilikuwa nanuka hivi hivi mu darasa. Njo uliuza zile fromaje nikasoma. Na kesho niingie mu gari ya mutu mwingine?"

Kikohozi kimenizidi. Nimeenda kukohoa nyuma ya nyumba.

Mbusa ameomba jeep yake itangulie mbele, ifungue njia. Nimemukubalia. Na kiti, ameuliza, kimekauka?

Jumamosi, tarehe 9.

Tumefika! Dada Mukubwa hakuzima hata mara moja. Nyuma yetu mbwa saba, mbio, mpaka mulango wa kanisa. Wakalala kando ya magurudumu wakaramba misa nzima. Mama ya Michel akaniuliza kama hapa Muheto njo desturi, mbwa kumusindikiza bibi harusi. Nikamujibu ndiyo, lakini ni kwa binti anayependwa sana tu. Akafuta machozi. Sikuwa na nguvu ya kusahihisha, na sehemu ya pili ilikuwa kweli.

Jioni watu wa Michel wamemuchukua. Pindo la nguo yake nyeupe lilikuwa na alama ya njano, amekataa lifuliwe. Nilibaki barabarani mpaka sikusikia tena pikipiki zao.

Jumapili, tarehe 10.

Nyumba ni kubwa. Verdiane ameweka vikombe vitatu mezani. Tumekitazama kile cha tatu, hakuna aliyekiondoa. Nimemushika mukono, amenikubalia.

Mwezi ujao tunaenda Ntoto kumuona. Rangi imebanduka vipande vipande, na siwezi kufika kwa wakwe na jante za namna hii. Lakini nimeshapata akili. Nyeusi! Masizi ya sufuria, nachanganya na mafuta ya mawese. Haiombi fundi, haiombi kopo la mutu. Itakauka tu njiani, barabara ya Ntoto ina vumbi ya kutosha.

Kwanza kutoa njano. Verdiane ameuliza nimetumbukiza nini tena, ndani ya pipa gani.

Nimemuambia lile la zamani.