Wiki Moja Bila Mpango

Jumapili, 6 Julai

Tumefika. Mji mdogo, mlima mkubwa, nchi ya watu. Kutoka kituo cha basi hadi nyumba ya wageni ni kupanda tu, begi mgongoni, ulimi nje. Mke wangu mbele anaimba. Mimi nyuma natubu.

Safari hii ni ya kusherehekea ndoa yetu. Mapumziko matupu! Sharti nilipewa mpakani, pasi zikisubiri mhuri: "Baba watoto, wiki hii hakuna mipango yako. Nikinusa mpango mmoja tu, mwakani nasafiri na dada. Wewe utabaki nyumbani na mama."

Mama ni mama yake. Nimeapa.

Barazani kuna bembea ya kulalia, ya kamba, imefungwa kati ya nguzo mbili. Kivuli safi, upepo taratibu. Ni moja tu. Kesho ni yangu.

Jumatatu, 7 Julai

Kuna mtu ndani yake.

Mzee mstaafu, kofia ya sufu, simu kifuani. Tena ni mtu wa kwetu! Unavuka mipaka kutafuta utulivu, unakuta mwenzako keshautandika na kuulalia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinuka. Nikakaa kwenye ngazi. Nikakohoa. Nikapiga miayo. Nikaulalamikia mgongo wangu kwa sauti. Akanipa pole, akageukia upande wa pili.

Mke wangu kaenda kutembea hadi kwenye maporomoko ya maji, karudi anang'aa. Kauliza kama nimepumzika. Nikasema sana. Ukweli ni kwamba makalio yamekufa ganzi kwa yale mawe ya ngazi.

Jumanne, 8 Julai

Nimepata wazo. Wazo si mpango.

Mwenye nyumba ni mama mmoja mwenye kicheko kikubwa. Hajui lugha yetu, nasi hatujui yake, kwa hiyo tunaongea kwa mikono. Nikamvuta jikoni, nikaonyesha barazani, nikajishika kiuno, nikakunja uso. Maana yake: mzee yule anaumwa, apelekwe kitandani.

Akaelewa upesi. Akanishika mkono, akanipeleka chumbani, akanilaza MIMI. Blanketi juu ya blanketi, na kikombe cha majani yaliyochemshwa, machungu mpaka masikio yakaziba. Kila nikiinuka, ananisukuma chini. Mstaafu alikuja mlangoni kunipa pole, kisha huyoo, akarudi kwenye bembea yake. Yangu!

Mke wangu kanipapasa kichwa, kafurahi kwamba angalau nimetulia. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Jumatano, 9 Julai

Nimeamka kabla ya majogoo. Bembea tupu! Nikajitupa ndani. Raha iliyoje! Usingizi ukanichukua hapo hapo.

Nilipofumbua macho, mstaafu yuko kwenye ngazi, baridi inampiga, kainua simu juu kabisa. Nikamuuliza, kwa ukali kidogo, anatafuta nini. Akasema mtandao. Nyumba nzima simu inashika pale penye bembea tu. Binti yake, mtoto wake wa pekee, ni mjamzito na alitarajiwa kujifungua mwezi ujao. Sasa presha imepanda, amelazwa. Na basi la kutoka mji huu ni Jumamosi kwa Jumamosi.

Nimeona aibu. Aibu ya kweli. Nikamwachia bembea, na asubuhi nzima sikutamani kitu.

Alhamisi, 10 Julai

Ila mtu mzima hawezi kulala siku zote hizi bila kunyoosha miguu. Damu itaganda. Nikamwambia mke wangu hivyo, mzee akiwa anasikia. Ampeleke maporomokoni. Mimi nitalala hapa, nishike simu. Ikilia, nitawafuata. Hii inaitwa huruma.

Mstaafu kanishika mikono yote miwili, machozi yanamlengalenga. Mke wangu kanitazama vile ambavyo hajanitazama tangu mtoto wa pili. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Wakaenda. Nikalala. Ndiyo kwanza nafumba macho, simu ikalia.

Ni mkwewe, mume wa binti. Hali imebadilika, binti atafanyiwa upasuaji mchana huu, naye hataki kuingia bila kusikia sauti ya baba yake. Nikajibu sawa. Nikatazama mlima. Nikaitazama bembea. Nakiri, nilisita pumzi moja.

Kisha nikakimbia. Na ndara za bafuni! Nilifika juu sina sauti. Mzee aliponiona uso, akaketi chini. Ndipo nikaweza kusema: "Yuko hai. Anakuita."

Magoti yake yalikataa kushuka. Nikambeba mgongoni. Begi la Jumapili lilikuwa unyoya. Tulipofika akalala kwenye bembea, simu sikioni, nikamsikia anasema: "Baba yupo, mwanangu. Ingia bila hofu."

Jioni ikalia tena. Mtoto wa kike, mama na mtoto wazima. Tumelia wote, hata mwenye nyumba ambaye hakuelewa neno.

Jumamosi, 12 Julai

Ndani ya basi. Mstaafu yuko kiti cha mbele, anamwonyesha dereva picha ya mjukuu. Mimi miguu imefungwa bandeji. Asubuhi mwenye nyumba kaifungua bembea kutoka kwenye nguzo, kaikunja, kanipa. Mzee ndiye aliyeniombea.

Mke wangu akakaza bandeji moja iliyolegea. Kisha: "Ule mpango wa maporomoko niliunusa kabla hatujatoka barazani."

Nikaganda. Kwaheri safari, shikamoo mama mkwe.

"Lakini simu ilipolia ungeweza kubaki umelala," akasema. "Hukubaki. Mwakani tunakwenda wote." Akaniegemea begani, akasinzia.

Nikageukia dirishani nisionekane ninavyofuta macho. Nimeapa tena, safari hii kwa moyo wote: mipango basi!

Bembea itakaa vizuri sana barazani kwetu. Bahati mbaya ni pale pale penye kiti cha mama mkwe. Kiti kitahamia uani. Kwa faida yake, kwa sababu upepo wa barazani si mzuri kwa magoti ya mtu mzima. Nitaanza kumpa pole ya magoti tukifika tu, yeye mwenyewe ataomba kuhama.

Si mpango. Ni wazo.