Mimi, Benki Kuu na Ngazi Arobaini na Moja

Jumatatu, 19 Oktoba
Nyumba tumepata! Ya matofali, kule bondeni, na mlangoni hakuna hata ngazi moja. Kwa Pittsburgh hii ya vilima, hiyo ni bahati ya mtende. Hapa tunapopanga zipo ngazi arobaini na moja. Mama mkwe wangu, Mama Wanda, tangu apasuliwe nyonga mwezi Julai hajatoka nje. Anashinda dirishani akihesabu wanaokwenda kanisani.

Mke wangu Bernadette anataka tufunge riba ya mkopo leo hii, asilimia 6.1, isipande hadi tukabidhiwe ufunguo. Nimemwambia aniachie mimi. Keshokutwa benki kuu inapunguza riba. Nani anafunga kabla ya punguzo? Labda mjinga!

Jumanne, 20 Oktoba
Shemeji Regis kaja kula pierogi zetu, vile vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, na kunikosoa. Eti benki kuu siyo inayopanga riba za nyumba, nitazame hatifungani, zile hati za kuikopesha serikali. Muuza magodoro huyo! Nikamjibu hatifungani ni mambo ya matajiri wa New York.

Bernadette akaniuliza mbona kila nikitoa gari naweka kiti barabarani kushikilia nafasi ya kuegesha, lakini riba sitaki kuishikilia. Nikamwambia: Kiti ni kiti bwana.

Jumatano, 21 Oktoba
Wameshusha! Robo asilimia! Niliruka pale dukani ninapofanya kazi hadi nikamwaga ndoo nzima ya rangi. Bosi kanuna, shauri yake. Nimenunua soseji za kulisha majirani wote. Nikamtumia Regis picha ya soseji. Imemuuma!

Alhamisi, 22 Oktoba
Balaa. Nilimpigia Bi. Kovalik, ofisa wa mkopo wetu, nikamwuliza kwa madaha riba ya leo, nikitegemea 5.85. Akasema 6.4. Nikadhani simu mbovu. Akanieleza taratibu kama anayemlisha mtoto uji. Mkopo wetu ni wa miaka thelathini, unafuata hatifungani za miaka kumi. Punguzo la jana wenye pesa walishalitarajia. Ila mkuu wa benki kuu alipogusia kwamba bei za vitu bado zinapanda, wakaingiwa hofu, wakauza hatifungani. Bei zake zikaanguka, faida yake kwa anayenunua ikapanda, na riba za nyumba zikafuata juu. Kwa mishahara yetu, riba ikizidi 6.3 mkopo hatupewi.

Akaanza kusema kuna jambo lingine. Sikusubiri, nikakata.

Nyumba imekwenda! Jioni Mama Wanda ananiuliza, uso unang'aa, kama kule bondeni waridi zinaota. Nikasema zinaota. Nikaingia bafuni nikalia. Nimemponza mama wa watu.

Ijumaa, 23 Oktoba
Nimekiri. Nilipiga magoti jikoni, penye unga uliomwagika. Bernadette akaniacha nimalize yote, hata habari za soseji. Kisha akanionyesha simu yake. Riba aliifunga mwenyewe Jumatatu asubuhi, nilipokuwa bado nanyoa ndevu. 6.1! Eti miaka kumi na tisa ya ndoa inatosha kumjua mtu. Mama Wanda alicheka hadi akashika nyonga. Nikambusu kila mtu, hata Regis, aliyekuja tena kula, naye akajifuta.

Nyumba tunayo! Nikitafakari vizuri, bila mimi kumtia wasiwasi Bernadette asingefunga mapema vile. Kwa hiyo mpango ni wangu.

Jumanne, 27 Oktoba
Benki kuu siifuati tena. Sasa mimi ni mtu wa hatifungani. Mtu hujifunza! Faida yake imeshuka kidogo asubuhi, na riba za nyumba zimetoka 6.4 hadi 6.35. Kwa mwendo huu, wiki ijayo tunafika 5.9, na sisi tumejifunga kwenye 6.1 kama mbuzi!

Nimempigia Bi. Kovalik mara nne aifungue riba yetu. Hapokei. Kumbe Bernadette kamwonya: namba yangu isipokelewe hadi tuhamie.

Saa nane mchana Mama Wanda hulala. Simu yake huiacha mezani.