Marahaba Kabla ya Shikamoo

Jamani, leo nimejivua nguo mchana kweupe, katikati ya mji wa Moshi, mbele ya baba yake Haika, mchumba wangu. (Nguo za mwilini zilikuwepo. Suti nzima, na ndiyo iliyoniponza.)

Nawaandikia haraka haraka nikiwa intaneti kafe, kwa hiyo mkiona herufi zimerukana mnivumilie.

Mnajua narekodi albamu. Msichojua ni kwamba anayeimba siyo mimi. Anaimba Bwana Desemba, mtu niliyemtunga mwenyewe. Ni yule ndugu yetu wa mjini anayepanda mlimani kila Krismasi na gari la kuazima, anazungusha funguo kidoleni na kumuuliza mama yake mzazi choo kiko wapi. Huyu bwana hamwamkii mtu. Yeye anaitikia tu. Ukikohoa karibu yake anakwambia, "Marahaba, mnajitahidi." Ndicho kiitikio cha wimbo wa kwanza.

Asubuhi tukaanza kurekodi sauti. Eliya, fundi mitambo wetu, hataki mchezo. Alinivalisha suti ya kaka yake na miwani ya jua, humo humo ndani gizani, eti Desemba aniingie vizuri. Kiitikio tumekirudia mara ishirini na kitu. Tulipofika mahali pazuri, umeme ukakatika.

"Nenda kapunge upepo," Eliya akaniambia, "ila usimtoe Desemba kichwani. Ukimtoa tunaanza upya."

Nikatoka. Wasiwasi nilikuwa nao tangu nilipoamka, kwa sababu Jumamosi hii baba zangu wadogo wanapanda Masama, kwao Haika, kupeleka posa, na mimi niende nikaonekane rasmi. Mama ameshaanza kupika mbege, pombe yetu ya ndizi, na mbege ikishachemshwa hairudi kuwa ndizi. Haika naye alishanionya: "Baba hana shida na umaskini wako. Hana shida hata na muziki. Anataka heshima tu." (Heshima tu. Kitu cha bure kabisa.)

Nakata kona ya duka la dawa za mifugo, huyo hapo. Mzee mwenyewe, kofia mkononi, chupa ya dawa ya kupe kwapani. Tuliwahi kuonana mara moja, nje ya kanisa. Nikasema kimoyomoyo: shikamoo baba, shikamoo baba, shikamoo baba. Nikajiweka sawa. Nikafungua mdomo.

"Marahaba, mnajitahidi."

Kwa sauti ya Desemba, ile nzito ya kutokea tumboni. Na mkono, haki ya Mungu sijui nani aliutuma, ukampiga mzee begani mara mbili.

Alianza kunitazama viatu, akapanda nami taratibu mpaka kwenye miwani.

"Wewe si Yoeli?"

Nikavua miwani. "Shikamoo baba." Kimya. "Shikamoo baba." Kimya. Ya tatu niliisema nimeinama mpaka nahesabu kokoto.

"Marahaba umeshaichukua wewe," akasema. "Mimi nikujibu nini?"

Hapo mtu mwenye akili angeomba msamaha akanyamaza. Mimi nikaeleza.

"Baba, nisamehe, yule hakuwa mimi. Alikuwa Bwana Desemba."

"Yuko wapi?"

"Hayupo, baba. Nimemtunga."

"Hayupo, na amenipiga begani."

Nikamweleza habari za albamu, jasho linanichuruzika ndani ya suti ya watu. Nikamwambia ni dhihaka, tunawasema wale wanaokuja nyumbani kutudharau. Nadhani alikuwa ameanza kunielewa, maana uso ulilegea kidogo. Ndipo Eliya akatoa kichwa kwenye dirisha la studio, akaita mtaa mzima ukasikia:

"Desemba! Umeme umerudi! Njoo na dharau zako zote!"

Watu wa dukani wakaangua kicheko. Muuzaji alishika kaunta. Mzee hakucheka. Alivaa kofia yake, akaiweka sawa, akachukua muda wake kabisa.

"Akina Desemba nimezaa wawili," akasema polepole. "Wako Dar es Salaam. Wananitosha. Jumamosi aje Yoeli peke yake."

Akaondoka na dawa yake ya kupe. Sijui kama nimekaribishwa au nimeonywa. Haika nimempigia, anasema baba amefika, amekula, amekwenda kukamua, na hajasema neno. Hilo ndilo linaloniua.

Studio sijarudi. Suti ninayo bado. Niombeeni kwa ajili ya Jumamosi, na wa kucheka acheke akiwa kwake. Tangu nikae hapa kafe nafanya mazoezi ya kuamkia, kwa sauti ya chini, au mimi nilidhani ni ya chini. Binti anayelinda hizi kompyuta, ambaye hata miaka ishirini hajafika, ameshaniitikia marahaba mara mbili.