Mahakama Yetu ya Juu Ihamishiwe Bara

Kwa Mhariri wa gazeti letu la Jumamosi,
Kisiwani Norfolk.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile jino lako limeshang'olewa. Mimi ni Ivaline Menges wa njia ya Anson Bay, yule ambaye wewe na kisiwa kizima mnaniita Chumvi. Naandika kwa heshima zote, baada ya kutafakari kwa utulivu na kunywa chai, kuomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niwasilishe lalamiko dhidi ya Mahakama ya Juu ya kisiwa chetu. Ombi langu ni dogo tu. Mahakama hiyo ing'olewe pale Kingston, ipakiwe pamoja na viti vyake na ile nembo ya ukutani, ihamishiwe Bara, huko Australia, na isirudi.

Najua watasema, "Chumvi kashindwa kesi, sasa analia." Si kweli. Sikushindwa. Wala sikushinda. Hapo ndipo penye lalamiko lenyewe, nami nitapafikia.

Kwanza historia kidogo, kwa faida ya vijana wanaodhani mahakama iliota kama misonobari. Babu yake mama yangu alikuwa hakimu hapa, enzi ambazo hakimu alichaguliwa na majirani na kuapishwa akiwa bado na matope ya shamba miguuni. Alisikiliza kesi za mipaka, za ng'ombe na za matusi barazani kwake, mkewe akisikiliza naye kutoka dirishani. Siku moja akaletewa shauri la mbuzi aliyekula nguo za jirani. Mbuzi alikuwa wa mkewe. Hakimu akatazama dirishani, akakohoa, akaamua kwamba mbuzi hana hatia, ila nguo zilianikwa chini mno. Jirani hakumsemesha tena mpaka alipokufa. Alipokufa hakimu, si mbuzi.

Kwa sababu ya mambo kama hayo, miaka mingi baadaye tukapewa Mahakama ya Juu, yenye jaji anayekuja kwa ndege kutoka Bara, asiye na shangazi hapa wala mbuzi. Busara kubwa. Lakini, Ndugu Mhariri, busara hiyo iliishia njiani. Walileta jaji mgeni, sisi wengine wote wakatuacha vilevile tulivyo.

Kesi yangu unaijua, ila naieleza kwa ajili ya wasomaji wako wa Bara. Mama yetu alipofariki alituachia nyumba yake sisi wawili, mimi na mdogo wangu Cobden, ambaye kwa jina la nyumbani ni Siagi. Mwaka haujaisha, Siagi akaja na habari kwamba kuna mtu wa Bara anaitaka nyumba.

"Utauza nyumba uliyozaliwa?" nikamuuliza.

"Nilizaliwa hospitali, Chumvi. Na wewe ulikuwepo."

Basi tukaacha kusemezana. Sasa, kumnunia mtu hapa si kazi nyepesi. Sote tunapungiana mikono barabarani, kila gari kwa kila gari, na asiyepunga huonekana mgonjwa au mtalii. Kwa hiyo watu wote niliwapungia kiganja, lakini Siagi nilimwinulia kidole kimoja juu ya usukani, ili nisiwe mkosefu wa adabu na wala asidhani nimemsamehe. Naye akaenda kufungua shauri, akiiomba Mahakama ya Juu iamuru nyumba iuzwe. Nami nikapinga.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Usafiri. Asubuhi ya kesi gari langu lilikataa kuwaka. Gari jingine pekee linalopita njia yetu saa hizo ni pikapu ya Siagi. Akasimama, akafungua mlango, akatazama mbele. Nikapanda, nikatazama pembeni. Kufika kwenye mteremko tukakuta ng'ombe wamelala katikati ya barabara, na ng'ombe wa hapa, kama ujuavyo, ndio wenye haki ya njia. Tukangoja. Mwishowe nikamwambia ng'ombe aliyekuwa karibu na dirisha langu, "Mwambie dereva apige honi."

Siagi naye akamwambia ng'ombe yuleyule, "Mwambie abiria honi imekufa tangu Pasaka."

Tukachelewa pamoja. Mdai na mdaiwa tukashuka kwenye gari moja mbele ya jaji aliyekuwa anapanda ngazi, na wakili wangu, kijana wa Bara mwenye viatu vinavyong'aa, akashika ukuta asianguke. Nauliza: hiyo ni heshima ya mahakama? Mahakama ingekuwa Bara, kila mmoja angepanda ndege na kiti chake, na kununiana kungeendelea bila kukatizwa na mifugo.

2. Majina. Karani wa mahakama ni shemeji yangu Fenwick, ambaye tunamwita Kengele kwa sababu ya sauti yake. Alisimama akaita, "Cobden Aurelius Menges!" Kimya. Akaita tena. Kimya. Siagi mwenyewe akageuka nyuma, akatazama milangoni kwa hasira, kuona ni mpumbavu gani huyo anayechelewesha watu. Ikabidi nimpige kiwiko. "Ni wewe, mjinga!" nikamwambia. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwa mdogo wangu tangu tununiane, ukiacha yale yaliyopitia kwa ng'ombe, na sasa yamo katika kumbukumbu rasmi za mahakama.

3. Wasikilizaji. Jaji alikuwa Mheshimiwa Thornby, mwanamke mpole mwenye miwani ya mnyororo. Akaniuliza nani alimtunza mama katika miaka yake ya mwisho. Kabla sijafungua kinywa, madawati yote ya nyuma yakamjibu: "Wote wawili, Mheshimiwa! Chumvi asubuhi, Siagi jioni!"

Jaji akasema anamwuliza shahidi.

"Shahidi ana haya huyo," akasema Shangazi Dorcy kutoka dawati la nyuma, "atakusimulia nusu tu."

Wakati wa mapumziko Shangazi huyohuyo akafunua sinia la pilhi, andazi letu la ndizi la kuokwa, bado la moto, akampelekea jaji. Jaji akashukuru, akaeleza kwamba hawezi kupokea kitu wakati shauri linaendelea.

"Mwanangu," akamwambia Shangazi, "hongo huliwa mafichoni. Hii utaila hapa, sote tunakutazama."

Jaji akakataa kwa adabu, lakini macho yake yalichelewa kuondoka kwenye sinia. Mawakili wote wawili walikula. Ningependa hilo lichunguzwe pia, maana wa kwangu alikula vipande viwili na baadaye akawa mzito wa kusimama.

4. Kiapo. Hili ndilo kubwa, na naomba ulichape bila kulipunguza. Siagi alipanda kizimbani, akashika Biblia, akaapa kusema kweli. Wakili wangu akamwendea taratibu kama mtu anayevizia kuku. "Bwana Menges, si kweli kwamba unachokitaka ni fedha tu?"

Mimi nilikuwa tayari, Ndugu Mhariri. Kwa jibu la fedha nilikuwa nimejiandaa miezi na miezi. Nilikuwa na maneno makali yamepangwa kichwani kama sahani kabatini.

Siagi akakuna shingo. Halafu akamgeukia jaji, si wakili, wala si mimi.

"Mheshimiwa, mimi hupita pale kila jioni nikitoka shamba. Maisha yangu yote taa ya jikoni ya mama ilikuwa inawaka. Nikiwa mtoto, nikiwa kijana mlevi, nikiwa mtu mzima. Sasa kuna giza. Nimeanza kuzunguka njia ya juu nisipaone, na ni mbali. Nikawaza, akikaa mtu mwingine humo, yeyote yule, hata wa Bara, atawasha taa."

Wakili wangu akasema hana swali jingine. Wasikilizaji wale wale waliokuwa wakijibu kila kitu wakaanza kutafuta vitambaa mifukoni. Hata Kengele alipenga kamasi kimyakimya, jambo ambalo kwa pua ile sikuwahi kudhani linawezekana.

Mimi kwa taa sikuwa nimejiandaa. Sikuwa hata na kitambaa. Wakili akanipa ukurasa wa hati yangu ya kiapo, ule unaosema mdogo wangu ni mtu wa tamaa, nikafutia machozi hapo mpaka wino ukachuruzika.

Nauliza tena kwa unyenyekevu: ni sheria gani inayoiruhusu mahakama kumtoa mtu siri ya moyoni mbele ya dada yake mkubwa, bila kumpa dada huyo taarifa ya maandishi mapema?

5. Ahirisho. Jaji akatazama huku na huku, akaahirisha shauri kwa muda "ili wahusika wapate hewa". Tukatoka. Tukakaa juu ya ule ukuta wa mawe wa zamani nje ya mahakama, bahari ikigonga miamba mbele yetu.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ulikuwa unaniinulia kidole kimoja, Chumvi. Nitaanzaje kukisimulia kidole?"

Upepo ukanipiga. Nikasema, "Uza. Uza nyumba, mdogo wangu. Nimekubali."

"Siuzi."

"Nimeshakubali, nakwambia!"

"Na mimi nimeshakataa! Nimekuona ukilia mle ndani na karatasi usoni. Nitauzaje baada ya hapo?"

"Usinionee huruma, Siagi!"

"Na wewe usiniachie nyumba kama unamwachia mtoto pipi!"

Tulirudi ndani tukibishana hivyo, sauti juu, mpaka Kengele akatuambia, "Jamani, hapa ni mahakamani, si nyumbani kwenu." Wakili wangu akasimama kueleza kwamba mdaiwa sasa anakubali nyumba iuzwe. Wakili wa Siagi akasimama kueleza, huku akiinama, kwamba mteja wake anapinga vikali maombi ya mteja wake.

Jaji akavua miwani. "Yaani mdai anapinga dai lake, na mdaiwa analiunga mkono?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," tukajibu wote wawili. Kitu cha kwanza tulichokubaliana tangu mazishi.

"Sheria ya watu wanaonyang'anyana ninayo," akasema jaji, "na ni nene. Ya watu wanaolazimishana kupokea sina. Shauri hili naliondoa. Nendeni nyumbani." Halafu, kwa sauti ndogo, akamwuliza Kengele kama lile sinia bado lipo.

Basi, Ndugu Mhariri, nimefika pale nilipoahidi. Niliingia katika mahakama iliyo juu kuliko zote kisiwani, nikatoka bila hukumu. Na madhara yake ni makubwa. Siagi sasa ananisemesha. Anakuja kunywa chai bila kualikwa, anakaa kwenye kiti changu, anasimulia habari za nguruwe wake. Amehamia nyumba ya mama na ameipaka jikoni rangi ya kijani, kijani cha chura, pasipo kuniuliza. Nikimlaumu anasema, "Nenda mahakamani." Anajua siwezi. Nilikuwa na ununaji mzuri, uliokomaa, ambao ningeweza kufa nao. Umeharibiwa katika kikao kimoja.

Kwa hiyo natoa hoja. Ikiwa ilikuwa busara kuleta jaji kutoka Bara kwa kuwa sisi sote ni ndugu, basi karani naye aletwe, maana Kengele ni shemeji wa nusu ya kisiwa. Akiletwa karani, waletwe na wasikilizaji, wasiojua nani alimtunza mama wa nani. Wakiletwa hao, waletwe mashahidi wasioona kitu, maana walioona wote wana undugu nasi. Na mwisho, kwa haki kamili, waletwe pia mdai na mdaiwa, watu wasiofahamiana kabisa, wagombee nyumba ya mama wa mtu mwingine. Tukifika hapo mahakama itakuwa imejaa wageni watupu, na kuihamisha kutakuwa rahisi, kwani hakuna mwenyeji atakayejua kwamba imehama. Kule Bara, Siagi angeapa mbele ya watu asiowajua, angesema anauza "kwa sababu za kiuchumi", mimi ningemwamini, nyumba ingeuzwa kihalali, nasi tungebaki maadui wenye heshima mpaka kaburini, kama watu wastaarabu wa miji mikubwa.

Nakushukuru kwa uvumilivu wako. Nisalimie mkeo, wanao, yule fundi wako wa mitambo na mama yake, Shangazi Dorcy ukimwona, na Kengele usipoweza kumkwepa. Wote waliosahaulika wasinune. Kununa nimekueleza jinsi kulivyo na gharama.

Ni mimi wako katika kutafuta haki,
Ivaline Menges (Chumvi)

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Siagi ameingia na rangi mikononi, anasema huko dukani kuna uvumi kwamba wakubwa wa Bara wanafikiria kesi zetu zote zisikilizwe hukohuko kwao, ili kupunguza safari za majaji. Ndugu Mhariri, wathubutu! Mtu wa hapa akaseme yaliyo moyoni mwake mbele ya nani huko? Nani atakayempiga kiwiko jina lake likiitwa? Tafadhali ichane barua yote iliyo juu, uchape nyongeza hii peke yake, kwa herufi nene. Atakayeigusa mahakama yetu tutamshtaki, na tutamshtakia palepale Kingston. Hati tunaiandika sasa hivi mezani, ila imekwama kwenye mstari wa kwanza: Siagi anataka jina lake litangulie langu, na mimi sikubali.