Futi Mia Nne na Kumi na Mbili

Jumatatu, 5 Oktoba 1998
Nimepata njia! Kamati ya historia ya mji itaweka bamba la shaba pale kilipokuwa kibao cha ardhini anaposimama mpigaji, Uwanja wa Keeler. Besiboli yetu yote ilichezwa pale hadi uwanja ulipobomolewa mwaka 1964. Umebaki mlingoti wa bendera na kipande cha ukuta chenye namba 412, yaani futi kutoka kibaoni hadi ukutani. Kamati itapima kwa namba hiyo. Penye bamba ndipo watu watakapokuwa wakikusanyika kila Oktoba kusikiliza kanda ya mechi ya mwisho. Watu mia mbili, na wengi wana nywele! Mimi wiki iliyopita nilinyoa vichwa vinne.

Nimepima mwenyewe. Futi 412 zinaishia mlangoni kwa Wanda Pruszynski, muuza maandazi. Haiwezekani. Kiti changu cha kunyolea kiko futi 442, jengo linalofuata. Tofauti ni tarakimu moja tu.

Jumanne, 6 Oktoba
Rangi, ngazi, kofia ya fundi. Moja imekuwa nne kwa dakika kumi. Kazi safi. Wanda akapita na trei yake, akauliza kama wateja wameniishia kabisa hadi nimeanza kunyoa kuta. Nikamwambia nafuta kinyesi cha njiwa. Akasema njiwa wa siku hizi wanajua hesabu.

Alhamisi, 8 Oktoba
Balaa. Kamati imefika na mpimaji. Wanda naye, na picha zake za harusi. Nilisahau! Mji huu kila bibi harusi hupigwa picha chini ya namba ile. Wanda ameolewa mara tatu: waume watatu, 412 ileile. Nikasema picha huchakaa. Wanda akamgeukia mke wangu, Dolores, akamwomba ya kwetu. Akaenda kuileta! Mke wangu mwenyewe! Nimo humo, nywele tele, 412 juu ya kichwa.

Ndipo Mzee Tolliver, aliyetunza nyasi za uwanja miaka ishirini na miwili, akasema tunagombana bure, namba yenyewe ilikuwa uongo. Mwenye timu alipunguza futi thelathini ili watu waamini mipira itavuka ukuta, wanunue tiketi. Umbali wa kweli ni 442.

Nilipaka ukweli!

Hakuna aliyeamini. Mwenyekiti alisema ukuta umechezewa, na Mzee Tolliver ni mteja wangu. Bamba linakwenda kwa Wanda. Mimi nimeamriwa kurudisha 412 kabla ya kesho saa sita mchana. Nikamuuliza Mzee kwa nini hakuniambia, namnyoa kila Ijumaa mwaka wa kumi na mbili huu. Akasema, "Lowell, mwanangu, wewe huwa unauliza habari za magoti yangu tu."

Ijumaa, 9 Oktoba
Nimepaka uongo kwa mkono wangu, mbele ya mashahidi. Watu wakakusanyika kwa Wanda, kanda ikapigwa. Tumefungwa tena, kama kila mwaka. Wanda aliishiwa na maandazi kabla mechi haijafika nusu. Akanitumia moja, la jamu ya plamu. Nimelila. Lilikuwa tamu, na hilo limeniudhi kuliko yote.

Jumamosi, 10 Oktoba
Sikulala, lakini nimeamka na jibu. Kama kibao kiko kwa Wanda, basi nyuma yake futi thelathini ni viti vya mbele kabisa, vya wakubwa. Yaani hapa kwangu! Kiti cha mwenye timu chenyewe! Mji mzima utataka kunyolewa humo. Asubuhi nimekipaka kiti changu kijani, nikaandika namba 7 mgongoni. Kamati inakutana Jumanne.

Mzee Tolliver ameingia, akakitazama, akasema safu ile ilikuwa na viti sita.

Nimemwambia akae, afumbe mdomo, nisije nikamkata.